Hita ya karavani, buibui, na fundi aliyekuja na mswaki

Bei niliyopewa mwanzo ilikuwa pauni 840: hita mpya ya maji ya karavani, kazi na kodi humo humo. Nilicholipa mwisho ni pauni 95 za ufundi, 14 za mpira wa gesi, na vikombe viwili vya chai. Kwenye risiti, mahali pa kueleza tatizo, fundi kaandika neno moja tu kwa mkono wake: buibui. Risiti hiyo nimeibandika mlangoni mwa friji, na kila mgeni anayekuja kwangu anasomeshwa.

Hapa napima vitu viwili kwa pamoja kwa sababu haviachani: hita yenyewe, ambayo nimekaa nayo misimu sita, na fundi wa kuja nyumbani aliyeiamsha mwezi Machi 2025. Majina siyataji. La hita kwa sababu kosa halikuwa lake, mtaona mbele kosa lilikuwa la nani. La karakana ya kwanza kwa sababu sitaki ugomvi na watu nitakaokutana nao barabarani. Na la fundi kwa sababu mwenyewe kaniomba. Anasema kazi alizonazo zinamtosha mpaka Juni.

Mimi ni dereva wa basi hapa Coventry, Uingereza, mzaliwa wa Tanga, Ngamiani. Karavani tuliinunua 2019 ikiwa imeshatumika, ya mwaka 2012, vitanda vinne, choo na bafu ndani. Nilipompigia kaka yangu simu kumweleza, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Yaani umenunua nyumba ya kukokota. Kwani hiyo ya matofali imekukosea nini?" Nikamwambia nisalimie shemeji, kaka, tutaongea.

Lakini kwetu sisi karavani ni suala la stara na udhu. Kambi za karavani za huku zina mabafu safi, sikatai. Sasa toka saa kumi na nusu alfajiri, mwezi wa Aprili, upepo wa bahari ya Wales unakuchapa, uende bafu la jumuiya ukapandishe mguu kwenye sinki huku jirani anapiga mswaki anakutazama. Nilifanya hivyo safari ya kwanza kabisa, kabla sijajua kuitumia hita. Mama Zuhura alifanya mara moja tu, akasema kama maji ya moto hayatoki humu ndani basi yeye harudi tena. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu hita, jueni siandiki kuhusu starehe. Ndiyo tiketi ya safari nzima.

Hita yenyewe ni boksi lililofichwa chini ya kitanda cha mbele, lina tangi la lita 10. Inachemsha kwa gesi au kwa umeme wa kambi, au kwa vyote viwili. Kwa umeme, elementi yake ni wati 850, na maji yakitoka nyuzi 15 mpaka 70 nakaa dakika 45 hivi. Kwa gesi, ambayo ni kilowati 1.5, ni kama nusu saa. Ukiwasha vyote, dakika ishirini na kitu. Lita 10 zinasikika kidogo, ila zikiwa na nyuzi 70 ukizichanganya na maji baridi unapata kama lita 20 za kuogea. Zinatosha watu wawili wanaojua wanachofanya, au binti mmoja wa miaka kumi na tano. Inakaa na joto vizuri: ukiizima usiku baada ya isha, alfajiri maji bado ni ya uvuguvugu, udhu unachukulika bila kuuma meno.

Misimu mitano ya mwanzo haikunisumbua hata siku moja. Ndiyo maana nilijisahau.

Huku kuna kitu ambacho kwetu Tanga hakipo, nacho ni kuyahurumia mabomba. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia tisa, na tangi au bomba likiwa limejaa, kinachopasuka si barafu. Kwa hiyo kila Oktoba unamwaga maji yote kabla ya kuipeleka karavani shambani kwa mzungu anayetuwekea. Unafungua vali ya kumwagia iliyo pembeni ya hita, unafungua bomba zote za ndani, moto na baridi, ukiziacha katikati, unashusha kichwa cha shawa kwenye beseni, pampu unaitoa unaikung'uta. Hayo yote nilifanya, na kwa umakini wa mtu aliyeona bomba la jirani likipasuka. Mtungi wa gesi niliuchomoa. Betri niliacha, nikasema nitakuja kuichaji Januari. Januari sikwenda.

Kuna na jambo lingine sikulifanya, lakini hilo nilikuja kuambiwa na fundi.

Machi, katikati ya Ramadhani, nikaileta nyumbani niiandae. Mpango ulikuwa twende Tenby, pwani ya Wales, likizo ya shule ya Aprili, baada ya Idi. Asubuhi ile kipimajoto kilisoma nyuzi 4. Nikajaza pipa la maji lile la kuvingirisha, lita 40, nikatumbukiza pampu, nikafungua bomba. Pampu inalia, maji hayaji. Hili nalijua: pampu ya kuzamisha ikishika hewa inazunguka bure. Unaishika kwa mpira wake, unaizungusha ndani ya maji kama unayesuuza kikombe, viputo vinatoka, basi. Maji yakaja, yakakohoa, yakatulia. Nikafurahi dakika mbili.

Mama Zuhura akanigongea dirisha. "Baba Zuhura, huku chini mafuriko."

Maji yalikuwa yanamwagika chini ya karavani kama mtu kaacha mfereji wazi. Moyo ukaniruka, nikajua tangi limepasuka. Nikazima pampu, nikainua godoro, nikaipapasa hita yote. Kavu. Kumbe ni ile ile vali ya kumwagia. Imetengenezwa ijifungue yenyewe joto la ndani likishuka mpaka kama nyuzi 3, ili kukulinda na barafu, na ikishajifungua haikubali kufungwa mpaka ipate joto la nyuzi 7 hivi. Nilikuwa naibonyeza kitufe, kinashuka, kinaruka. Nabonyeza, kinaruka. Dawa yake si nguvu. Nilichomeka hita ndogo ya umeme, nikafunga milango, nikaenda kulala kidogo maana saumu ilikuwa imenishika. Niliporudi baada ya adhuhuri kitufe kikabaki chini chenyewe. Hapo naipa hita nusu nyota ya akili na naikata nusu nyota ya mawasiliano: kijitabu kinasema vali inafunguka kwenye baridi, ila hakikwambii kwamba siku hiyo utadhani umefilisika.

Tangi likajaa. Nikaiwasha kwa umeme, maji yakapata moto vizuri. Nikaizima, nikaja upande wa gesi, kwa sababu kambi tuliyopata Tenby haina umeme. Na hapo ndipo hadithi inapoanza.

Mtungi niliokuwa nao ulikuwa wa bluu, wa buteni, umebaki nusu tangu kiangazi. Kwa watu wa kwetu waliozoea mtungi kuwa mtungi tu: huku ipo ya bluu na ipo ya nyekundu, na si rangi ya urembo. Buteni inaacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri. Inabaki majimaji humo ndani, unatikisa mtungi unasikia imo, lakini jikoni haifiki. Propeni, ya mtungi mwekundu, inaendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa nyuzi 4 za asubuhi ile buteni ilikuwa inatoka kivivu. Nikaenda kubadilisha, nikachukua nyekundu ya kilo 6.

Nikawasha jiko kwanza. Hili nilifundishwa na binamu yangu fundi friji kule Tanga, ambaye hajawahi kuiona karavani kwa macho: bomba likikaa miezi limejaa hewa, usiitwishe hita mzigo wa kuitoa, washa jiko uiachie itoke pale unapoiona. Jiko likapiga kelele, likazima, likawaka, moto wa bluu. Vizuri. Nikageuza swichi ya hita. Tik tik tik tik. Kimya. Taa nyekundu.

Taa nyekundu maana yake hita imejifungia. Inapiga cheche, inafungua gesi, inasubiri sekunde chache ihisi moto kwa kile kijiti chake cha chuma kilicho mbele ya bana, yaani pale gesi inapowakia. Isipohisi, inafunga gesi na kugoma. Ni tabia njema, isingekuwa hivyo ingeendelea kumwaga gesi. Unazima swichi, unasubiri, unawasha tena. Nikarudia mara sita. Mara ya nne nilisikia "puf" ndogo, kama mtu anazima mshumaa, halafu tena nyekundu.

Nikapima betri: volti 11.4. Nikasema ahaa. Betri nzima iliyoshiba inasoma kama 12.7, na hiyo yangu ilikuwa hoi, haina hata nguvu ya kufungua vali ya gesi sawasawa. Nikaiweka kwenye chaja usiku kucha. Asubuhi 12.7. Swichi. Tik tik tik tik. Nyekundu.

Hapo ndipo ningepaswa kukaa nikafikiri, badala yake nikaikokota mpaka karakana.

Karakana ile ni kubwa, ina mapokezi yenye mashine ya kahawa. Kijana alitoka na fulana safi, akageuza swichi mara mbili, akasikiliza, akasema bodi ya elektroniki imekufa. Nikamuuliza umejuaje. Akasema zikifika umri huu hufa. Akaongeza kwamba kununua bodi kwa hita ya zamani hivi ni kutupa hela, afadhali niweke mpya kabisa, akachapa ile pauni 840. Nilitazama saa, dakika kumi na moja. Hakutoa mita ya kupimia. Hakufungua skrubu hata moja. Hata mtungi hakuutazama kama una gesi. Mimi huendesha basi, na nikimwambia meneja kwamba breki mbovu ananiuliza umepima nini. Nikashukuru, nikaikokota nikarudi nayo.

Fundi wa pili nilimpata kwa dereva mwenzangu. Ni mama wa Kiingereza wa miaka sitini hivi, mfupi, anafanya kazi peke yake na gari dogo lenye mbwa wawili kiti cha mbele. Aliniambia saa tatu asubuhi, akafika saa nne na nusu. Hilo nitalirudia chini kwenye makato.

Cha kwanza alichofanya kabla hata ya kuuliza hita iko wapi, alinionyesha kitambulisho chake cha Gas Safe Register, ambayo ndiyo rejista ya mafundi gesi wa huku tangu 2009 ilipochukua nafasi ya ile ya zamani iliyoitwa CORGI. Akakigeuza. Watu wengi hatujui kwamba nyuma ya kadi ndiko kwenye maneno: kumeandikwa aina ya kazi anazoruhusiwa. Mtu anaweza kuwa fundi halali wa boila za nyumbani na asiwe na ruhusa ya gesi ya mtungi wala ya karavani. Yeye alikuwa nazo zote mbili. Tangu siku hiyo nami nikiletewa fundi namwambia geuza kadi.

Nikamtengenezea chai ya tangawizi. Mimi nimefunga, nakaa namtazama anakunywa, akataka kuomba radhi, nikamwambia kunywa mama, thawabu ni zangu.

Akaanza kupima, na ndipo nilipofahamu nalipia nini. Alitoa bomba la plastiki lililopinda mfano wa herufi U, lina maji nusu, rula pembeni. Akalichomeka kwenye mfumo wa gesi. Presha ikaja ikasukuma maji upande mmoja juu, mwingine chini. Karavani za huku za miaka hii zinatakiwa zipate milibari 30, ambayo kwenye lile bomba ni tofauti ya sentimita thelathini na kidogo za maji. Hakuna betri, hakuna skrini, maji na rula tu. Akawasha plati moja ya jiko, akasoma. Akawasha zote tatu na hita ikijaribu, akasoma tena. Maji yalishuka kidogo tu. "Regyuleta yako ni nzima," akasema, maana yake kile kifaa kinachopunguza presha ya gesi inayotoka mtungini, "ila ni ya mwaka 2012, na hizi watu wanashauriwa kuzibadilisha baada ya miaka kumi. Si leo, lakini iweke akilini." Kisha akafunga gesi akatazama yale maji dakika kadhaa bila kusema neno. Hayakusogea. Hakuna panapovuja.

Akapima volti pale pale kwenye hita, si kwenye betri, wakati cheche zinapiga. 12.6. Waya nzima, fyuzi nzima.

Halafu akalala kifudifudi juu ya kitanda changu, akaweka sikio kwenye hita, akaniamuru nigeuze swichi. Tik tik tik. Akanyoosha kidole. "Umesikia? Klik. Hiyo ni vali ya gesi." Nikamweleza habari ya bodi iliyokufa. Akacheka mpaka mbwa wakabweka garini. Bodi iliyokufa haipigi cheche, akasema, wala haifungui vali. Hii inafanya yote mawili na kisha inakwambia kwa ukweli kabisa kwamba moto haujauona. Na kama umeme unachemsha maji, basi tangi na maji hayana neno. Kilichobaki ni njia ya gesi na hewa tu, sentimita chache.

Sijawahi kusikia ugonjwa unapunguzwa hivyo, mlango baada ya mlango, mpaka ukabaki mmoja.

Akatoka nje, akamulika tochi kwenye ile kofia ya ukutani inayovuta hewa na kutolea moshi. Akaniuliza, "Mfuniko wake uko wapi?"

Mfuniko. Ile plastiki nyeupe unayoibandika pale hita isipotumika. Nikaingia ndani nikatafuta, nikaikuta kwenye droo ya vijiko, chini ya kopo la iliki. Imekaa humo majira yote ya baridi, miezi mitano, na tundu liko wazi.

Akafungua bana. Sitaeleza skrubu kwa skrubu, kwa sababu sitaki mtu asome hapa akaenda kufungua ya kwake. Ndani ya kile kibomba ambamo gesi inachanganyika na hewa kabla ya kufika motoni kulikuwa na kitu cheupe, kama pamba ya masikio, kimejazana. Buibui kasuka nyumba yake, kaishi humo, kafia humo. Kakauka, mdogo kuliko punje ya mchele. Gesi ilikuwa inapita kwa taabu na hewa haipiti, kwa hiyo moto ukiwaka ulikuwa dhaifu, unalegea, haugusi kile kijiti cha kuhisi, na hita inafunga. Ile "puf" niliyoisikia ndiyo huo moto.

Chombo alichotumia kusafishia ni mswaki. Mswaki wa mtoto, wa manyoya laini, wa rangi ya waridi. Akasugua, akapuliza kwa pampu ya mkono, akasugua tena. Nikamuuliza mbona hatumii waya kwenye lile tundu la gesi, maana kwetu jiko likiziba tunachokoa na pini. Akanitazama kama nimetukana. Tundu lile limetobolewa kwa kipimo. Ukilipanua hata kidogo gesi inazidi, moto unageuka wa manjano, masizi, na moshi wenye kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Nikanyamaza. Nilikumbuka pini zote nilizochokolea majiko ya watu Ngamiani.

Akasafisha na kijiti cha kuhisi moto, akarudisha kila kitu, akapaka majimaji ya kukagua uvujaji kwenye kiungo alichofungua. Si sabuni ya vyombo. Anasema ile ina chumvi, inakula chuma. Hakuna kiputo.

"Geuza."

Tik tik, klik, vuuuum. Sekunde mbili hazikufika. Akaweka mashine yake kwenye moshi wa nje, akasoma, akaridhika. Baada ya nusu saa nilifungua bomba nikaunguza kidole kwa furaha.

Wakati tunasubiri maji yapate moto akanisimulia kwamba kuna buibui wanaopenda kabisa harufu ya mafuta, na kwamba mwaka 2011 Mazda iliyaita magari yake ya Mazda6 kule Marekani yarudi karakana kwa sababu buibui wa manjano walikuwa wanasuka ndani ya bomba la kupumulia la mfumo wa petroli. Nilidhani ananichezea. Usiku baada ya tarawehe nikatafuta, nikakuta ni kweli tupu.

Alikagua na vitu ambavyo sikumwita avikague. Mpira unaotoka kwenye mtungi ulikuwa na tarehe ya 2014, umeanza kupasuka pasuka kwenye kona. Akaubadilisha, pauni 14. Akapiga magoti akakuta kitambaa kimesokotwa kwenye tundu la sakafu karibu na jiko. Hicho ni cha Mama Zuhura, alikiweka kuzuia panya. Fundi akakivuta akamkabidhi mwenyewe, kwa adabu lakini kwa sauti ya mwalimu mkuu: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini sakafuni, na hilo tundu ndiyo njia yake ya kutokea. Panya wekea wavu. Mama Zuhura, ambaye mimi nikimweleza jambo huwa ana jibu, alisema "yes, yes" mara tatu na kitambaa kikaenda kwenye pipa la taka.

Sasa nyota.

Hita naipa nne. Ina miaka kumi na mitatu na bado inanguruma, inatumia gesi kiasi, na inajifunga yenyewe ikiona mambo si sawa. Nyota ya tano naikata kwa ile taa nyekundu. Taa moja kwa magonjwa yote: gesi ikiisha ni nyekundu, betri ikilala ni nyekundu, buibui akifa humo ni nyekundu. Ni kama mtoto mchanga, analia tu, wewe ndiye ujue ni njaa au tumbo. Na lita 10 kwa familia ya watu wanne ni mtihani wa ndoa.

Fundi naye nne na nusu. Alichelewa saa moja na nusu bila kupiga simu. Hapokei kadi, taslimu tu, ikabidi nikimbie dukani kutoa hela. Anazungumza sana habari za mbwa wake. Hayo yote ni nusu nyota, hayavuki hapo, kwa sababu kila alichosema alikipima kwanza na kila alichopima alinionyesha. Aliponiambia regyuleta ni nzima angeweza kuniuzia mpya na nisingejua. Karakana ya mashine ya kahawa siipi nyota wala siikati. Kahawa sikuionja, nilikuwa nimefunga.

Anayetaka kuita fundi wa namna hii, mwite Februari. Machi wote tunaamka pamoja, naye fundi ni mmoja. Na kabla hujamwita, fanya yale yasiyohitaji kufungua chochote: pasha ndani joto, funga vali, jaza tangi, chaji betri, weka mtungi mwekundu, washa jiko kwanza, toa mfuniko wa nje. Yakishindikana hayo, acha kugeuza swichi. Mimi niligeuza labda mara ishirini, na fundi aliponiuliza idadi nikasema sita.

Tenby tulikwenda katikati ya Aprili. Siku ya kwanza alfajiri upepo ulikuwa unaitikisa karavani kama mtumbwi. Niliamka kabla ya wote nikageuza swichi gizani, nikasimama nasikiliza. Tik tik, klik, vuuuum. Nikangoja dakika kumi, nikachukua udhu kwa maji ya moto kwenye bafu letu wenyewe, mguu mmoja baada ya mwingine, hakuna anayenitazama. Mama Zuhura akauliza toka kitandani kama nimembakishia. Nikasema nimekubakishia.

Fundi aliusahau ule mswaki wake. Nimempigia mara mbili, anasema nikae nao, ana mingine. Upo kwenye droo ya vijiko, chini ya kopo la iliki. Mfuniko uko nje, umebanwa kwenye kofia ya hita, na nimeufunga kamba.